Mhadhiri anapokabidhiwa idara

Vyuo vikuu vyetu vya umma humwandaa mtu kwa miaka mingi kufanya utafiti na kufundisha, kisha humkabidhi idara kwa barua ya ukurasa mmoja. Barua hutaja muda wa uteuzi, mara nyingi miaka 3, hugusia posho ya madaraka na humalizia kwa kumtakia kazi njema. Haisemi lolote kuhusu masurufu (fedha za safari au shughuli ambazo hesabu yake hurejeshwa baadaye), hoja za ukaguzi au mpango wa ununuzi, wala haisemi kwamba kuanzia sasa saini yake ndiyo itakayoamua kama mamia ya wanafunzi watapata matokeo kwa wakati. Haya yameandikwa kwa ajili ya mhadhiri aliyeipokea barua hiyo, au anayehisi iko njiani. Nazungumzia chuo cha umma cha Tanzania. Aliye chuo binafsi atakuta mengi yanafanana, isipokuwa ajira na ununuzi.

Msimamo wangu ni kwamba uongozi wa idara ni kazi ya kalenda na kumbukumbu kabla haujawa kazi ya maono. Wahadhiri wengi huingia wakiwa na mipango mizuri ya mitaala mipya na ushirikiano na vyuo vya nje, na mipango hiyo hufa kwa sababu muhula wa kwanza wote umeliwa na alama zilizopotea na majalada yasiyojulikana yalipo. Ukishika kalenda na jalada, mengine yanapata nafasi.

Kabla ya kujibu barua

Soma Hati Idhini ya chuo chako na kanuni zilizotungwa chini yake, hasa sehemu inayotaja mkuu wa idara: anateuliwa na nani, anawajibika kwa nani, anaweza kuamua nini peke yake. Vyuo havifanani. Mahali pengine juu yako kuna amidi au mkuu wa kitivo, kwingine kuna rasi wa ndaki, na madaraka yamegawanywa tofauti.

Angalia kama umeteuliwa kamili au unakaimu. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009 ziliweka kikomo cha miezi 6 cha kukaimu, na zina sababu. Anayekaimu huogopa kufanya uamuzi wa muda mrefu, na wenzake huogopa kumtegemea. Ukikaimishwa, omba tarehe ya mwisho iandikwe.

Kisha omba kwa maandishi kupunguziwa mzigo wa kufundisha, na uitaje kozi yenyewe kwa jina na nani ataichukua. Ahadi ya mdomo kwamba "tutakupunguzia" haidumu hadi ratiba itoke. Kozi moja kwa muhula inatosha kukufanya uendelee kujua darasa linavyokwenda. Zikifika tatu, utafanya kazi mbili na zote zitakuwa mbovu.

Makabidhiano

Usikubali makabidhiano ya kupeana funguo na chai. Hati ya makabidhiano inapaswa kuwa na orodha ya watumishi, pamoja na walio masomoni na tarehe za kurudi. Mikataba ya muda na tarehe zinapoisha. Majalada yaliyo wazi. Vifaa na namba zake za mali. Masurufu ambayo hayajarejeshwa. Hoja za ukaguzi ambazo hazijafungwa. Hati za makubaliano na taasisi nyingine. Wanafunzi wa uzamili, kila mmoja na hatua aliyofikia. Na mashauri ya wanafunzi, yaani rufaa na udanganyifu katika mitihani.

Ingia stoo na maabara na daftari la mali mkononi. Kifaa ambacho hukukiona, andika "hakikuonekana" mbele ya namba yake, msaini wote wawili. Sababu ni moja tu: mkaguzi akija mwaka ujao atamuuliza aliyepo ofisini. Darubini iliyotoweka miaka 5 iliyopita inakuwa yako siku unapotia saini kwamba umeipokea.

Kalenda mbili zisizokutana

Hapa ndipo idara nyingi zinapoumia, na mhadhiri wa kawaida hapaoni kwa sababu hajawahi kuhitaji kupaona. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Mwaka wa masomo huanza Oktoba au Novemba. Mahitaji ya muhula yanatokana na kalenda ya pili, fedha zinatoka kwenye ya kwanza.

Chukua idara ya kemia inayotaka methanoli kwa mazoezi ya maabara ya Machi 2027. Machi hiyo iko ndani ya mwaka wa fedha 2026/27. Makisio ya mwaka huo hukusanywa kutoka idarani kati ya Novemba 2025 na Januari 2026 hivi. Baada ya bajeti kupita, hitaji liingie kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, idara iandike vigezo vya kiufundi, kitengo cha ununuzi kilipitishe kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, mzabuni apatikane, mzigo ufike, kamati ya ukaguzi na mapokezi iupokee, ndipo malipo yafanyike. Mwenye kufikiria methanoli ya Machi anapaswa kuwa ameifikiria miezi 15 kabla. Anayeikumbuka Februari ataambiwa, kwa haki kabisa, kwamba haimo kwenye mpango.

Kadirio lenyewe lifanywe kwa hesabu. Wanafunzi 40 katika makundi ya watu 4 ni makundi 10. Kila kundi likitumia mililita 250 kwa zoezi, zoezi moja linakula lita 2.5, na mazoezi 8 yanakula lita 20. Hizo ni chupa 8 za lita 2.5, ongeza 2 kwa kumwagika na kurudia, ziwe 10. Andika basi: methanoli ya HPLC (daraja la usafi la uchambuzi wa maabara), usafi usiopungua asilimia 99.9, chupa za lita 2.5, idadi 10, muda wa matumizi uliobaki siku ya kupokelewa usiopungua miezi 18. Anayeandika "kemikali za maabara, jumla" ataletewa chochote, na kamati ya mapokezi haitakuwa na msingi wa kukikataa. Anayetaja jina la kiwanda bila kuongeza "au inayolingana nayo" anaziba ushindani, na dokezo lake, yaani andiko lake la ndani la kuomba kibali, litarudi. Kuvunja hitaji moja vipande vipande ili kila kipande kiwe kidogo na kikwepe zabuni ni kosa kisheria, hata kama nia ilikuwa kuwahi muhula.

Chora kalenda moja ya ukutani yenye miezi 18 na uweke tarehe zote mbili juu yake: wito wa bajeti, kufungwa kwa vitabu Juni, mwanzo wa muhula, mitihani, vikao vya Seneti. Maombi yanayoingia uhasibu katikati ya Juni kwa kawaida hayalipwi tena mwaka huo. Shughuli zako ziishe Mei.

Masurufu

Mhadhiri anayekwenda kukagua wanafunzi wa fildi huchukua masurufu, na asiporejesha hesabu ndani ya muda uliowekwa hukatwa kwenye mshahara, tena hapewi mengine. Watu hudhani hilo ni tatizo lake binafsi. Si kweli: wahadhiri 3 wakiwa wamefungiwa masurufu kwa wakati mmoja, hakuna wa kwenda fildi, na wanafunzi wanakaa vituoni bila kukaguliwa.

Weka jedwali la safu 5: jina, kiasi, shughuli, tarehe ya kumaliza, tarehe ya marejesho. Katibu muhtasi alipitie kila Ijumaa na kuwakumbusha wahusika. Marejesho mengi hukwama kwa vitu vidogo, kama karatasi ya mahudhurio isiyo na saini, tiketi iliyopotea, risiti ya mkono mahali palipotakiwa risiti ya EFD, au ripoti ya safari ambayo haikuandikwa. Mpe kila anayesafiri orodha ya viambatisho kabla hajaondoka.

Matokeo

Kama kuna jambo moja ambalo mkuu wa idara hapaswi kulikosea, ni hili. Alama hutoka kwa mwalimu, hupita bodi ya mitihani ya idara, hupanda kitivo au ndaki, halafu Seneti. Idara moja ikichelewa, kitivo kizima hakiendi. Na nyuma yake wako wanafunzi wanaosubiri: Bodi ya Mikopo huhitaji matokeo ya wanaoendelea na masomo kabla ya kuwatolea fedha za mwaka unaofuata. Kozi moja isiyosahihishwa inaweza kumfanya kijana asiye na mtu mjini akae wiki kadhaa bila bumu. Hilo litutoshe kuchukulia tarehe za matokeo kwa uzito.

Anza na hesabu ya mzigo. Kozi ya mwaka wa kwanza yenye wanafunzi 600, dakika 15 kwa kila kijitabu, ni dakika 9,000, sawa na saa 150. Mtu mmoja akisahihisha saa 8 kwa siku bila kufanya kitu kingine atahitaji siku 19. Hakuna mtu anayesahihisha saa 8 kwa siku. Kwa hiyo kozi kubwa ipangiwe wasahihishaji 3 kabla ya mtihani kufanyika, na wagawane kwa maswali. Kila mmoja asahihishe swali lake kwa vijitabu vyote 600. Wakigawana vijitabu, mwanafunzi anapata alama kulingana na bahati ya aliyemsahihisha.

Mtihani upokelewe idarani pamoja na mwongozo wa kusahihisha, siku ileile. Mtihani usio na mwongozo urudishwe kwa mwenyewe. Wanaouhakiki wajibu maswali mawili: je, unapima yaliyoandikwa kwenye mtaala, na je, muda unatosha? Njia rahisi ya kujua ni kumwomba mhadhiri mwingine aandike majibu yake na kupima dakika. Akitumia zaidi ya nusu ya muda, mtihani ni mrefu.

Alama za kazi za muhula, ambazo kwa kawaida ni 40 kati ya 100, zitangazwe na kusainiwa na wanafunzi kabla ya mtihani wa mwisho. Usiliache hili lipite hata kwa kozi moja. Malalamiko ya alama zinazokosekana mara nyingi hayatoki kwenye mtihani wa mwisho, hutoka kwenye jaribio la wiki ya 6 ambalo msaidizi alilisahihisha na karatasi zikabaki kwenye gari la mtu.

Chumba cha mtihani kikifungwa, idadi ya vijitabu ilingane na idadi ya saini za mahudhurio, iandikwe juu ya bahasha na kusainiwa na msimamizi na mpokeaji. Alama zikishaingizwa kwenye mfumo, zichapishwe, watu wawili wasomeane: mmoja ashike karatasi iliyochapishwa, mwingine kijitabu. Makosa ya kuingiza 37 mahali pa 73 hutokea kila muhula, na njia hiyo huyakamata. Kabla ya bodi, pitia mwenyewe alama zilizo chini kidogo ya mpaka wa daraja, hasa 39 pale ambapo 40 ndiyo kufaulu, uhakikishe jumla imejumlishwa sawasawa. Usibadilishe alama ya mtu ukiwa peke yako ofisini, hata ukiwa na sababu nzuri. Kila badiliko lipite kwenye bodi na sababu yake iandikwe kwenye muhtasari.

Kozi ambayo nusu ya darasa imepata A, au nusu imekwenda sapu, yaani mtihani wa marudio, idaiwe maelezo ya mwalimu kabla ya kikao. Kuyatafuta ndani ya kikao humfedhehesha mwalimu mbele ya wenzake na hurefusha kikao bila kuleta ukweli.

Itakuja siku mwanafunzi ataingia ofisini kulalamika kwamba mwalimu anamtaka kimapenzi ili amfaulishe. Usiwakutanishe. Usisuluhishe. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na mkuu wa idara si mpelelezi wala hakimu. Andika alichosema kwa maneno yake, mwelekeze kwenye dawati la jinsia na TAKUKURU, chukua vijitabu vyake vyote vilivyosahihishwa uvihifadhi, na upendekeze kwa maandishi kazi zake zisahihishwe na mtu mwingine. "Kuyamaliza kiofisi" kumewaumiza mabinti wengi.

Dokezo, jalada na kikao

Mhadhiri amezoea kushawishi kwa hoja ndefu. Ofisi husogezwa kwa dokezo fupi. Dokezo zuri linaingia ukurasa mmoja na lina aya 4: jambo lenyewe ni lipi, kanuni au uamuzi gani unaliruhusu, litagharimu kiasi gani na kutoka kifungu gani, unaomba nani aamue nini, kabla ya tarehe ipi. Aya ya mwisho ndiyo watu huisahau, na bosi akisoma bila kuona ombi huandika "nimeona", jambo likaishia hapo.

Dokezo moja, ombi moja. Ukiomba kiti cha maabara na nauli ya mtahini wa nje kwenye karatasi moja, mhasibu atashughulikia nauli, na kiti hakitakuwa na mwenyewe. Lisipojibiwa, usiandike jingine. Angalia kwenye e-Ofisi, mfumo wa kielektroniki wa majalada, limekaa kwa nani, umpigie simu. Madokezo mawili kuhusu jambo moja huzaa majibu mawili yanayopingana.

Makubaliano ya kwenye korido yaandikwe siku hiyohiyo kwa barua pepe ya mistari mitatu: "Kama tulivyokubaliana asubuhi..." Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na maamuzi pia.

Kikao cha idara si semina. Wito utoke siku 7 kabla pamoja na makabrasha, na kila ajenda iwe na pendekezo la azimio lililokwisha kuandikwa, ili wajumbe walikubali, walikatae au walirekebishe. Hakikisha akidi kabla ya kufungua, kwa sababu azimio lisilo na akidi linaweza kutenguliwa miezi baadaye. Muhtasari utoke ndani ya siku 2, na kila yatokanayo iwe na jina la mtu na tarehe. "Idara itafuatilia" maana yake hakuna atakayefuatilia.

Wenzako

Manung'uniko ya upendeleo huanzia kwenye ugawaji wa kozi. Dawa yake ni jedwali moja linaloonwa na wote: saa za mihadhara, saa za semina, idadi ya vijitabu vya kusahihisha, wanafunzi wa uzamili, majukumu mengine. Ukilionyesha kikaoni, mwenye vijitabu 80 hatathubutu kulalamika mbele ya mwenye 600. Waangalie hasa wakufunzi wasaidizi. Hao ndio hurundikiwa semina zote kwa sababu hawawezi kukataa, kisha huulizwa kwa nini hawajamaliza shahada ya uzamili.

Tengeneza pia orodha ya umri. Profesa na mhadhiri mwandamizi wa chuo cha umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 65, wengine 60. Kibali cha ajira hutoka Utumishi, na kumsomesha kijana hadi uzamivu huchukua miaka mingi. Ukiona wataalamu wako wawili pekee wa fani fulani wataondoka ndani ya miaka 4, umeshachelewa kidogo; anza mwaka huu.

Mwenzako akikosa vipindi, zungumza naye kwanza faraghani. Akirudia, mwandikie barua ya kumtaka maelezo yenye tarehe za vipindi vilivyokosekana na siku za kujibu. Likiendelea, lipandishe kwa mamlaka ya nidhamu. Usimwadhibu kwa kumnyang'anya kozi au kumpa ratiba ya Ijumaa jioni, maana ukifanya hivyo, kosa lake linasahaulika na kosa lako ndilo linalozungumzwa.

Utafiti wako

Upandishaji cheo wa wanataaluma huhesabu machapisho. Miaka 3 ya kuongoza idara haihesabiki sana kwenye mizani hiyo, hata kama ilikuwa na manufaa kwa watu wengi. Bakiza mradi mmoja, si mitatu, tena ule ambao data zake zimeshakusanywa. Funga asubuhi mbili kwa wiki, saa 2 hadi saa 5, ukae maktaba au kwenye maabara, mbali na ofisi, na mtu mwingine awe na idhini ya kusaini mambo madogo. Mlango ukiwa wazi, saa hizo hazipo.

Wanafunzi wa uzamili ndio huumia kimyakimya. Sura ya tasnifu hukaa mezani kwa mkuu wa idara miezi 2, na ada ya mwaka mwingine inakuja. Kila mwanafunzi uliyenaye apate msimamizi mwenza katika mwezi wa kwanza wa uteuzi, na usipokee mpya hadi mmoja wa waliopo amalize. Wala usiingize jina lako kwenye makala ya vijana wa idara kwa sababu tu uliwasainia safari. Watanyamaza, lakini watajua, na watakaokuja nyuma yao watajifunza hivyohivyo.

Mwaka wa mwisho wa uteuzi ukianza, andika ombi la likizo ya utafiti itakayofuata baada ya kukabidhi ofisi, kwa sababu maombi hayo yana foleni. Hati yako ya makabidhiano uanze kuijaza mapema, ukiongeza mstari kila jalada linapofungwa, ili anayekuja apokee masurufu yote yakiwa yamerejeshwa, hoja za ukaguzi zikiwa na majibu, na makisio ya bajeti ya mwaka unaofuata yakiwa yameshakwenda.